Ami yangu alinadi samaki miaka thelathini, leo hasikiki hata mezani. Niende nikasomee sauti?

Mwalimu, asalaam aleikum.

Mimi ni msichana wa miaka 29, mzaliwa wa Mombasa. Nilisomea tiba ya usemi Makerere, nikarudi nyumbani, na huu ni mwaka wangu wa tano kazini: siku za wiki niko katika hospitali moja ya hapa, Jumamosi niko kliniki ya kibinafsi. Hospitali hunipa mshahara, kliniki hunipa pesa. Tofauti unaijua.

Wagonjwa wangu wengi ni watoto. Watoto wa miaka mitatu wasiosema, wenye usonji, wenye kigugumizi. Nawapenda na wananipenda, lakini kilichonikaa moyoni ni sauti za watu wazima, na sababu ni ami yangu.

Ami alikuwa mnadi wa samaki dikoni. Nilipokuwa mdogo nilimsikia kabla ya kumwona. Vyombo vikiingia asubuhi, yeye husimama juu ya kreti, nguru kamshika mkia, na sauti yake inapita juu ya upepo, injini na akina mama wanaobishana bei. Miaka sita hivi iliyopita sauti ikaanza kupungua. Kwanza tulidhani ni mafua yasiyokwisha. Kisha watu wakasema amenuna. Wanunuzi wakawa wanamwambia, "Mzee, paza sauti bwana," naye anawajibu kwa hasira kwamba anapiga kelele, wao ndio wameziba masikio. Mke wake akaamini amefanyiwa mambo. Siku moja alitaja bei ya tewa, mtu akasikia bei nyingine, pakazuka ugomvi mkubwa. Siku hiyohiyo alimwachia kijana mmoja ule mnada akarudi nyumbani. Mkono ulianza kutetemeka baadaye sana, ndipo daktari akatuambia ni Parkinson, maradhi ya ubongo.

Nimejaribu kumsaidia. Nikipata nafasi hukaa naye baada ya alasiri, tunasema "aaa" ndefu, simu iko mezani na programu ya kupima ukubwa wa sauti. Akifika pale ninapotaka, mimi nafurahi, yeye ananitazama kwa haya: "Mbona waniwacha nipige kelele hivi? Majirani watasemaje?" Na Mwalimu, wallahi ni sauti ya kawaida tu, kama hii ninayozungumza na wewe. Jambo hilo limeninyima usingizi. Nimesoma nilichoweza kusoma, mwisho nikamwandikia profesa mmoja Marekani anayetafiti usemi wa wenye Parkinson. Sikutarajia jibu. Alijibu, tukazungumza kwa video mara mbili, na mwezi huu chuo kimenikubali kwa uzamivu, ada imefutwa na nitalipwa posho kwa kazi ya usaidizi wa utafiti. Natakiwa nijibu kabla ya 15 Aprili.

Sasa nimeganda. Mkuu wangu wa kliniki anasema sauti za wazee hazina soko hapa, mtoto asiyesema ndiye mkate wangu. Mama anasema mcheza kwao hutunzwa, na kwamba miaka mitano nitarudi na mvi. Mchumba wangu anafanya kazi bandarini, anasema tuoane twende wote, atatafuta kibarua hukohuko. Mimi mwenyewe naogopa mambo mawili. La kwanza, kwamba nitafungiwa maabara niwe mtu wa kompyuta na michoro, mgonjwa nisimwone tena. La pili naona haya kulisema: mtaalamu wa usemi mwenye lafudhi kama yangu, nani atamsikiliza kwa Wamarekani? Vipimo vyote nilivyofundishwa ni vya Kiingereza. Nilipompa ami asome ile habari ya upinde wa mvua inayotumika kupima usemi, aliisoma kama mtoto wa darasa la tatu anayemwogopa mwalimu. Sikujua nilichopima ni Parkinson au ni Kiingereza.

Na nikienda, nani atakaa na ami?

Usinifiche neno.

Msikilizaji wa dikoni, Mombasa

*

Wa aleikum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama pale ami anapouliza majirani watasemaje. Unaniuliza uende au usiende, kumbe swali la tasnifu umeshaliandika mwenyewe katikati ya malalamiko. Nianzie hapo. Viza na mchumba vitasubiri kidogo.

Katika Parkinson kila mwendo hupungua ukubwa. Hatua huwa fupi, mwandiko hujikunja, uso hupoa, na kifua na koromeo navyo hufanya kazi nusu. Ubaya ni kwamba kile kipimo cha ndani, kinachomwambia mtu "hapo umesema vya kutosha", nacho huharibika pamoja. Ndiyo maana ami akisema kwa sauti ya kawaida anahisi anapiga ukemi. Na vidonge vya levodopa, dawa kuu ya maradhi haya, ambavyo vinaweza kumwinua mtu kitini akatembea vizuri, mara nyingi haviisaidii sauti kwa kiasi hicho. Kwa nini mguu usikie dawa na koromeo likatae? Wanaofanya kazi hii wanabishana hadi leo, na ubishi huo ndio unaolipa mishahara ya maabara kama hiyo iliyokuita.

Mwaka 1987 huko Arizona, Lorraine Ramig na wenzake walianza kujenga tiba juu ya jambo hilohilo unaloliona mezani. Imepewa jina la mgonjwa, Lee Silverman, mama ambaye jamaa zake walichotaka ni kumsikia tu: LSVT LOUD. Vikao 16 kwa mwezi mmoja, siku nne kwa wiki, saa nzima kila kikao, na lengo moja tu: sauti kubwa. Sehemu kubwa ya kazi ni kumzoesha mgonjwa kwamba ile anayoiona kelele ndiyo sauti ya watu wote. Mwaka 2024 jarida la BMJ lilichapisha jaribio la Uingereza lenye wagonjwa 388. Waliopewa tiba hiyo walieleza kwamba sauti inawatatiza maishani kwa kiasi kidogo kuliko wenzao. Waliopewa tiba ya usemi ya kawaida ya hospitali za umma za huko hawakutofautiana na ambao hawakupewa kitu. Soma tena sentensi hiyo ya mwisho, halafu ufikirie ile "aaa" yenu ya "nikipata nafasi". Sikulaumu. Nakuonyesha kwamba kipimo cha dawa hii ni wingi na ukaribu wa vikao, na wewe umekuwa ukimpa ami kijiko kimoja kwa wiki.

Unaogopa maabara itakuondoa kwa wagonjwa. Inategemea maabara. Kuna ugonjwa ambao misuli ya koromeo hujikaza yenyewe mtu anapozungumza, maneno yakatoka kama ya anayekabwa shingo, ilhali akicheka au akiimba mara nyingi sauti hutoka bila taabu. Ulielezwa tangu 1871, na kwa karibu miaka mia madaktari wengi waliamini chanzo ni nafsi: mgonjwa ana hofu, ana siri, apelekwe kwa daktari wa akili. Kwa hiyo mke wa ami, aliyesema mumewe amefanyiwa mambo, msimcheke. Mwaka 1968 Arnold Aronson, mtaalamu wa usemi pale Mayo Clinic, Minnesota, na wenzake walichapisha walichokisikia kwa wagonjwa wao, wakaonyesha jinsi sauti hizo zinavyofanana na mtetemo wa sauti unaotokana na neva. Mlango ukafunguka. Mwaka 1976 daktari mpasuaji Herbert Dedo aliripoti tiba ya kukata neva moja ya koromeo, na mwaka 1984 Andrew Blitzer wa New York akadunga sumu ya botulinum kwenye misuli yenyewe, njia inayotumika mpaka leo. Mmoja wa waliobisha mapema alikuwa mtu wa kazi yako, aliyekaa na wagonjwa, akasikiliza, akakataa kuambiwa.

Mwaka mmoja baada ya ile kazi ya 1968, yaani 1969, Aronson huyohuyo pamoja na wenzake Darley na Brown walitoa ile kazi ambayo bila shaka ulikaririshwa Makerere, ya kupanga aina za disathria, yaani usemi unaoharibiwa na maradhi ya neva. Unajua waliifanyaje? Wagonjwa 212, kila mmoja kipande cha kanda cha nusu dakika, na watu watatu wanasikiliza na kutoa alama kwa sifa 38 za usemi. Masikio sita na mashine ya kanda. Kompyuta hapana.

Lakini walisikiliza Kiingereza, na hapo ndipo ile aibu yako ya upinde wa mvua inapogeuka mtaji.

Vipimo hivyo havitafsiriki. Chukua zile sentensi fupi ambazo mgonjwa wa sauti husomeshwa. Kila moja ilitungwa kwa sauti za Kiingereza ili iminye koromeo mahali fulani. Ukiitafsiri unapata maana, unapoteza mtego. Inabidi utege upya kwa Kiswahili. Sema: "Mama alimwona ng'ombe wa mjomba." Weka kidole kooni. Tangu mwanzo hadi mwisho nyuzi za sauti hazipati hata konsonanti moja ya kupumzikia, na mwenye koromeo linalojikaba atakwama humo. Sasa sema: "Fisi hafichiki hapa." Kila silabi inafunguliwa na konsonanti isiyo na mtetemo, nyuzi zinafunguka na kufunga, zinafunguka na kufunga. Wapo wagonjwa ambao nyuzi zao hufunguka bila kuitwa, pumzi ikavuja. Hao watakamatwa na fisi. Nimezitunga hizo mbili nikinywa chai, na chai si utafiti: lazima zijaribiwe kwa watu wazima wenye afya wa Lamu, Mombasa na Unguja, kwa wazee na vijana, kabla ya kumpima nazo mgonjwa hata mmoja.

Kisha kuna jambo ambalo wewe wa Mombasa unalo na mimi niliyekulia bara sina. Paa wa mwituni na paa la nyumba. Kwangu ni neno moja, kwako ni mawili, la kwanza lina pumzi. Kaa wa baharini na kaa la moto vivyo hivyo. Tofauti yake ni sehemu ndogo sana ya sekunde, kati ya midomo kuachana na nyuzi za sauti kuanza kutetemeka. Watafiti Lisker na Abramson walipima muda huo katika lugha kadhaa mwaka 1964, na kipimo chao kimetumika sana kwa wagonjwa wa neva, kwa kuwa kinaonyesha kama koromeo na mdomo bado vinasikilizana. Na ile b ya "baba" tunaivuta ndani, koromeo likishuka kidogo. Koromeo likishakuwa gumu, b hiyo inakuwaje? Je, ami bado anatenga paa na paa? Mwambie profesa wako hivyo kwenye barua ya kwanza. Akikujibu kwa ukurasa mzima, nenda. Akikujibu kwamba mradi wake tayari una data za Kiingereza na kazi yako itakuwa kuzisafisha, basi umejua mapema kwamba anatafuta mikono.

Kuhusu lafudhi, nikupe kichekesho changu. Nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo niliwekewa vipokea sauti, nikaambiwa nisikilize sauti za wanawake 20 na kutia alama zenye kasoro. Nikasikia ukwaruzo mwishoni mwa kila sentensi, kama mlango usiotiwa mafuta. Nikatia alama karibu wote. Mwalimu wangu alicheka mpaka akaketi: ndivyo vijana wa kule wanavyozungumza, ni mtindo! Miezi kadhaa baadaye mwenzangu wa palepale akasikiliza rekodi ya mzee mmoja wa Pwani, akaandika kwamba b zake "si za kawaida". Zamu yangu ya kucheka ikafika. Masikio ya ugenini hukosea, na pia husikia ambacho mwenyeji hakisikii tena. Baadhi ya wanafunzi niliowafundisha walilalamika kwamba hawanielewi, ni kweli, muhula wa kwanza ulikuwa mchungu. Nilijifunza kuandika maneno makuu ubaoni na kupunguza kasi. Chama cha wataalamu wa kazi yetu kule, ASHA, hakiihesabu lafudhi kuwa ugonjwa. Ukiweza kumwonyesha mgonjwa sauti unayoitaka na ukasikia alipokosea, unatosha.

Sasa makaratasi, na hapa soma polepole.

Uzamivu peke yake hautakupa ruhusa ya kutibu Marekani. Kule tabibu wa usemi anahitaji uzamili wa kliniki, saa 400 za mazoezi ya kliniki chini ya usimamizi, mtihani wa taifa, kisha kipindi cha kazi ya kusimamiwa kisichopungua wiki 36. Shahada yako ya kwanza, iliyokutosha hapa, kule haitoshi. Ukienda kwa uzamivu mtupu utakuwa mwanasayansi wa usemi: utamrekodi mgonjwa, hutamtibu. Ukikusudia kurudi kufundisha Afrika Mashariki, hilo si kikwazo kikubwa, kwa maana wewe tayari ni tabibu wa huku. Hata hivyo vyuo kadhaa vina njia ya kuunganisha uzamili wa kliniki na uzamivu. Ulizia kama chako kinayo, na kama posho yako inaendelea katika miaka ya kliniki, kwa kuwa uzamili huo watu wengi hujilipia na bei yake ni ya kuuza shamba. Mimi ningeiomba njia hiyo hata ikiniongezea miaka miwili. Nimeona wenzangu waliobobea kwenye mawimbi ya sauti mpaka wakasahau kwamba mgonjwa huchoka, hulia, na hulazimika kwenda msalani katikati ya kipimo.

Uliza posho ni ya miezi 9 au 12. Watu huona haya kuuliza swali hili, nami lilinigharimu kiangazi kizima nikilea watoto wa watu ili nilipe kodi ya nyumba. Uliza bima ya afya, na ufadhili umeahidiwa miaka mingapi kwa maandishi. Na waandikie wanafunzi wawili waliowahi kuwa chini ya profesa huyo, mmoja aliyemaliza na mmoja aliyeacha. Aliyeacha ndiye mwenye habari.

Mchumba wako ana nia nzuri, lakini viza ya F-2, ambayo hupewa mke au mume wa mwanafunzi mwenye F-1, haimruhusu kufanya kazi. Kibarua hukohuko hakuna, na atakayemdanganya kwamba kipo atawaponza wote wawili. Ukienda kwa J-1, viza ya programu za kubadilishana wasomi, mwenzi anaweza kuomba kibali cha kazi, ila J-1 nyingine zina sharti la kurudi nyumbani miaka miwili baada ya masomo. Mwanamume aliyezoea mshahara wake mwenyewe, akae ndani ya chumba kimoja theluji ikianguka, akisubiri mke arudi maabara usiku. Mlizungumze hilo kwa sauti kubwa kuliko ya ami. Huenda mwaka wa kwanza akabaki bandarini na mkawa watu wa simu.

Kuhusu soko, mkuu wako hajakosea kwa leo. Pesa ya kliniki iko kwa watoto, nami singekushauri uwaache ukiwa bado hapa. Ila anachokiita hakipo, kipo bila jina. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwatafuta wenye Parkinson katika wakazi 161,071, wakachapisha matokeo mwaka 2008: waliwapata 33, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Ami yako alikuwa hivyo kwa miaka. Tena sauti ya neva si Parkinson tu. Ukirudi, wodi zitakupokea kwanza kwa mambo ya kumeza, kwa sababu mwenye kiharusi anayepaliwa na uji hupata nimonia, na mtu anayejua kumpima hubembelezwa. Halafu watakuja waliopasuliwa tezi la shingo wakaamka na sauti ya upepo. Neva inayoendesha nyuzi za sauti upande wa kushoto hushuka mpaka kifuani, ikazunguka mshipa mkuu wa damu, ndipo ikapanda tena hadi kooni, ikipita nyuma ya tezi hilo. Kwa twiga safari hiyo ni ya mita kadhaa, kufika mahali palipokuwa karibu tangu mwanzo. Neva yenye njia ndefu hivyo ina pengi pa kuumizwa, na kila panapoumizwa pana mgonjwa wako.

Kazi yenyewe ya uprofesa nisikupambie. Anayeajiriwa kwa njia ya kudumu hupimwa kwa miaka sita hivi kabla ya kuthibitishwa, na sehemu kubwa ya miaka hiyo huitumia kuandika maombi ya fedha, mengi yakakataliwa. Nafuu ni moja: wanaomaliza uzamivu katika fani hii ni wachache kuliko nafasi za kufundisha, kwa kuwa matabibu wengi wakishapata uzamili huona hawana sababu ya kurudi darasani. Kwa mwenye subira milango ipo.

Ushauri wangu basi: nenda, ukijibiwa vizuri kuhusu lile swali la paa. Na usiende mikono mitupu. Una miezi kabla ya Agosti, zianze rekodi hapa kwa njia halali. Kabla ya kumrekodi mgonjwa yeyote kwa ajili ya utafiti, tafuta idhini ya kamati ya maadili na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na ridhaa ya mgonjwa kwa lugha yake. Tangu 2019 Kenya ina sheria ya kulinda data, na sauti ya mtu inamtambulisha. Usirekodi kwa WhatsApp, inabana sauti mpaka ukwaruzo wenyewe unapotea. Rekodi faili la WAV, lisilobanwa, chumba kimoja, saa ileile baada ya dawa. Funga uzi wa sentimita 30 kwenye maikrofoni, ncha ya pili iguse kidevu kabla ya kuanza, kisha iachie. Uzi huo utakuokoa na maswali ya wakaguzi wa tasnifu miaka minne baadaye.

Mama mwambie methali yake ni kweli, lakini hata mcheza kwao kuna alikofundishwa ngoma. Atanuna wiki mbili.

Na ami. Kabla hujaondoka, omba likizo ya mwezi mmoja ukampe vikao 16 kamili, bila kukosa. Binamu yako mmoja akae pembeni kila siku, aone unavyofanya, maana baada ya hapo mazoezi ni ya kila siku nyumbani, nawe utamfuatilia kwa video. Akianza kukohoa anapokunywa chai, au sauti ikawa ya majimaji baada ya kula, msingoje simu yako, apelekwe hospitali.

Katika tiba ile mgonjwa huchagua sentensi kumi anazozisema kila siku katika maisha yake, akazirudia kwa sauti kubwa katika kila kikao. Usimchagulie wewe, na usimpe "habari ya asubuhi". Mpe karatasi, mwambie akutajie maneno ya mnada kama alivyokuwa akiyasema juu ya kreti: nguru huyu, mia nane, nani aongeza? Kisha siku ya kikao cha 16 mpeleke dikoni asubuhi vyombo vikiingia, mwombe yule kijana amwachie samaki mmoja.